Umepewa klabu uiendeshe? Ngoja nikuhadithie yangu kwanza

Wiki iliyopita nimepata meseji ndefu kutoka kwa msomaji mmoja, ni mkurugenzi wa masoko kwenye kampuni fulani kubwa, anasema shikamoo kaka, nimefuatwa na klabu ya mpira wanataka niwe CEO wao, mshahara ni kama nusu ya ninaopata sasa hivi ila moyo wangu uko huko, wewe njia hii umeshaipita, nikubali au nisikubali. Niliisoma nikiwa nimeshapanda kitandani. Nikazima simu, usingizi ukagoma kabisa, kwa sababu meseji ile ningeweza kuiandika mimi mwenyewe miaka sita iliyopita bila kubadilisha neno, mpaka hiyo sehemu ya moyo.

Asubuhi nikaanza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona bora niliweke hapa maana najua mko wengi. Mtu yeyote aliyekaa ofisini miaka kumi na anapenda mpira, kuna siku amekaa jukwaani timu inafungwa akamgeukia jirani akasema hii timu ningepewa mimi, mngeona. Mimi nilipewa. Kuna sehemu bado inaniuma kwa hiyo mkiona sauti inapanda mnivumilie.

Nilifanya kazi miaka 14 kwenye kampuni ya usambazaji. Nilianza muuzaji wa barabarani, begi mgongoni, kitabu cha oda mkononi, nikaja kutoka nikiwa mkurugenzi wa biashara, watu zaidi ya mia mbili wananiripotia. Hapo katikati siwachoshi, ni vikao na malengo ya robo mwaka, aliyepita anajua. Ninachotaka mjue ni kwamba nilikuwa mzuri. Najisifu, ndiyo, lakini namba zilikuwepo. Na nilikuwa nimezoea kitu kimoja ambacho sikujua kama ni ugonjwa, yaani nikisema jambo kwenye kikao asubuhi, jioni limefanyika, na asiyelifanya anakuja mwenyewe kujieleza kabla sijamuita.

Klabu waliponifuata nikafanya kile tunachofanya watu wa ofisini, nikatafuta mtu aliyeshapita hiyo njia akafanikiwa, nikamsoma. Nikampata Mmarekani anaitwa Peter Ueberroth. Huyu jamaa alianzisha kampuni ya mambo ya safari, akaikuza mpaka ikawa miongoni mwa kubwa kabisa Marekani Kaskazini, halafu akaiacha akaenda kuandaa Olimpiki ya Los Angeles ya 1984. Wakati ule Olimpiki ilikuwa kama mzigo wa kuni zenye moto, Montreal waliandaa ya 1976 wakabaki na deni lililokuja kwisha 2006, na huko Los Angeles wananchi walikuwa wameshapiga kura pesa ya jiji isiguswe. Michezo iliyotangulia ilikuwa na wadhamini mamia kwa mamia, yeye akasema anataka thelathini na ushee tu, kila mmoja dola milioni 4 kwenda juu, na ukishalipa mshindani wako hakanyagi. Kodak, watu wa filamu za kamera, wakajivuta wakidhani watabembelezwa, washindani wao Fuji wakaingia. ABC wakatoa dola milioni 225 za haki za televisheni. Wasovieti wakasusa, michezo ikaenda hivyo hivyo, na mwisho wa hesabu ikabaki ziada ya zaidi ya dola milioni 200. Jarida la Time likamtangaza mtu wa mwaka.

Nikafunga kompyuta nikasema huyu ndiye mimi. Sicheki, nilisema kweli, mke wangu ni shahidi.

Kwa hiyo kikao cha kwanza na kamati ya utendaji niliingia na slaidi 41. Nilikuwa na mchoro wa mapato, mchoro wa mashabiki kwa rika, mpango wa miaka mitano, wadhamini wachache wenye kulipa vizuri kama mwenzangu wa Los Angeles. Nikaongea saa nzima na dakika ishirini. Nilipomaliza pakawa kimya, nikajua nimewakamata. Mzee mmoja wa kamati, amevaa kofia ya klabu iliyopauka, akainua mkono akauliza, "Sawa mwanangu. Jumamosi tunachezaje?" Straika wetu alikuwa ameumia Alhamisi, chumba kizima kilikuwa kinawaza goti la straika, mimi tu ndiye nilikuwa nawaza mwaka wa tano.

Sasa niseme na mazuri niliyoyafanya maana watu wanapenda kuyasahau. Mechi yangu ya kwanza ya nyumbani sikwenda kukaa jukwaa kuu. Nilinunua kile kidude cha kuhesabia, cha kubonyeza kwa kidole gumba, nikavaa kofia nikasimama geti la tatu kuanzia saa saba mchana. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Niliona tiketi inachanwa nusu, kipande kinatoka nje kupitia dirishani, dakika kumi baadaye kinaingia tena mkononi mwa mtu mwingine. Niliona baba anaingia na watoto watatu wamejipanga mbele yake kama treni, hiyo sina neno nayo. Niliona jamaa mmoja wa geti, hana sare wala kitambulisho, kila akigusa bega la mtu yule mtu anapita. Usiku nikalinganisha namba ya kidude changu na ripoti ya tiketi za geti lile. Namba zilizopishana zilikuwa za kutosha kulipa mishahara ya timu ya vijana.

Kwenye usambazaji kitu hicho ndicho tunaita upotevu, na upotevu mimi ndio nilikuwa chakula changu. Miezi minne nikaleta tiketi za kuskani, watu wa geti wakawa wanapangwa upya kila mechi, pasi za bure zikaandikwa jina. Viingilio vikapanda bila shabiki kuongezeka hata mmoja. Ila nilichokuwa sijakielewa ni kwamba yule jamaa anayegusa mabega alikuwa ni mtu wa mtu, na yule mtu alikuwa na kura. Kwenye kampuni ukiziba tundu unapandishwa cheo. Kwenye klabu tundu lina wenyewe, wanakuchekea, wanakupongeza kwenye kikao, wanasubiri timu ifungwe mechi mbili mfululizo.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ndugu yangu uliyeniandikia, nenda getini. Kabla ya ofisi, kabla ya kupiga picha na jezi yenye jina lako, nenda getini ukasimame. Na ukishaona, usikimbilie kurekebisha siku hiyo hiyo, uliza kwanza hili ni la nani. Mimi sikuuliza.

Lakini kilichonimaliza hakikuwa geti. Nataka niseme hapa kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani.

Mwaka wangu wa pili mdhamini mkuu alichelewesha pesa. Hakukataa, alichelewesha, na mimi mambo ya kucheleweshewa nilikuwa bingwa wake. Kule nilikotoka sifa yangu kubwa ilikuwa ni kuvuta siku za kulipa, msambazaji anadai siku 30 namvuta mpaka 60, ananuna, tunamnunulia chakula cha mchana, tunaendelea. Bodi ilikuwa inanipigia makofi kwa hilo. Basi nikakaa na jedwali langu la Excel nikapanga nani alipwe kwanza, kodi ya uwanja, basi la timu, hoteli, na wachezaji nikawashusha chini. Nikajiambia hawa wana mkataba, wataenda wapi, dirisha la usajili limefungwa. Nikawapaka rangi ya njano kwenye jedwali. Njano maana yake inaweza kusubiri.

Mwezi wa kwanza ukapita, kocha akaja ofisini kuuliza nikamuonyesha jedwali. Wa pili ukapita. Tukawa bado tunashinda, nikaona si mnaona, watu wanacheza.

Siku ya tano baada ya mwezi wa pili kuisha ikaingia barua pepe kutoka kwa wakala wa kiungo wetu, yule namba 8 ambaye uwanja mzima ulikuwa unaimba jina lake. Aya mbili tu. Anasema kwa mujibu wa kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji klabu inadaiwa mishahara ya miezi miwili, na inapewa siku 15 kulipa, isipolipa mchezaji anavunja mkataba kwa sababu halali. Nikacheka. Nikamwambia sekretari wangu hivi ni vitisho vya mawakala, mpelekee mwanasheria. Mwanasheria akanipigia baada ya nusu saa, akakaa kimya kwenye simu kwanza, halafu akasema bosi, hii sio vitisho.

Kifungu hicho kipo tangu 2018 na mtu yeyote anaweza kukisoma, mimi nilikuwa CEO wa klabu mwaka na nusu sijawahi kukifungua. Nilikuwa nimesoma vitabu vya uongozi nane. Tukahangaika kutafuta pesa, mdhamini anasema wiki ijayo, benki wanataka dhamana, kamati nusu wamezima simu. Pesa ikaingia siku ya 17.

Namba 8 alikuja mwenyewe kurudisha funguo za nyumba aliyopangiwa. Akaziweka mezani. Nilitegemea atanitukana, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, lakini akatoa noti kadhaa alizokunja akasema hizi naomba umpe mzee wa vifaa, nimemkosa hapo chini na ninawahi ndege. Nikamuuliza za nini. Akasema nilimkopa.

Nikashuka stoo. Mzee wetu wa vifaa, yule anayefua jezi na kupanga koni, alikuwa anaanika soksi. Nikampa zile pesa, akafuta mikono, akatoa daftari chini ya gunia la mipira, daftari la shule la kurasa 96, jalada limelegea, akalifungua akatafuta jina akapiga mstari. Nikamwambia mzee hebu nione. Kurasa nne nzima. Majina ya wachezaji, tarehe, nauli, vocha, maziwa ya mtoto, dawa, nauli, nauli, nauli. Kijana wa timu B alikuwa ameandikwa mara kumi na moja. Mtu anayelipwa mshahara mdogo kuliko wote kwenye klabu ndiye aliyekuwa anaibeba timu kwa miezi miwili, na kwenye jedwali langu hata mstari wa peke yake hakuwa nao, alikuwa ndani ya "matumizi mengineyo".

Namba 8 akaondoka bure, na dirisha lililopita tulikuwa tumekataa ofa yake tukisema ni ndogo. Halafu akatushtaki FIFA akidai na salio la mkataba, na ukishahukumiwa kule usipolipa unafungiwa kusajili, inaweza kufika mpaka madirisha matatu mfululizo. Tukalipa. Pesa niliyookoa getini kwa msimu mzima ikaenda pale, yote, na ikaongezewa.

Kwa hiyo ushauri wa pili, na huu hata kama unakurupuka kufunga ukurasa baki kidogo, lipa wachezaji. Lipa wachezaji kabla ya kitu kingine chochote. Kama pesa haipo waambie haipo na lini itakuwepo, usiwapake njano. Soma kanuni kabla ya kusaini mkataba wako wewe. Na lipa wachezaji. Najua nimerudia.

Baada ya hapo ndipo nikarudi kumsoma Ueberroth, safari hii nusu ya pili, ile niliyoiruka. Ile Oktoba ya 1984, Olimpiki imeisha tu, alienda kuwa kamishna wa ligi kuu ya besiboli kule kwao. Kichwa ni kile kile, nidhamu ya pesa ni ile ile. Lakini Olimpiki ni kamati ya muda, inaajiri, inafanya michezo wiki mbili, inafunga ofisi. Besiboli alikuta timu 26 zenye wamiliki wao, na hao ndio waliomwajiri. Akawa anawabana waache kumwaga pesa ovyo kwa wachezaji. Kati ya 1985 na 1987 wamiliki wakaacha kugombania wachezaji waliomaliza mikataba, wachezaji wakapeleka mashtaka, wasuluhishi wakasema hii ni njama, na kufikia 1990 wamiliki wakakubali kulipa fidia ya dola milioni 280. Yeye alikuwa ameshaondoka tangu 1989.

Niliposoma hiyo nilikaa nayo muda mrefu. Kwenye biashara zetu mtu akisema punguza gharama za watu anaonekana ana akili, kwa sababu mteja hanunui mfanyakazi, ananunua sabuni. Kwenye michezo yule mfanyakazi ndiye sabuni yenyewe. Shabiki alilipa kuja kumuona namba 8, hakulipa kuja kuona mpango wangu wa miaka mitano. Kitu rahisi hivi kilinichukua miezi 20 na mchezaji mmoja kukielewa, sasa sijui zile slaidi zilikuwa za nini.

Niliondolewa mwezi wa 26. Kikao cha dharura, kwenye kompyuta, kila mtu kamera yake imezimwa isipokuwa mimi. Dakika saba. Nilikuwa bado nafunga begi nikaona simu inawaka, taarifa kwa umma imeshatoka, tunamshukuru kwa mchango wake, tunamtakia kila la heri, na chini yake watu wanaweka alama za moto na za kucheka. Kuna mmoja aliandika "karudi kuuza sabuni". Hiyo ndiyo iliyonishika mpaka leo, na kama umeona nimetumia mfano wa sabuni hapo juu sasa unajua umetoka wapi.

Msimu uliofuata klabu ikachukua ubingwa. Kwa tiketi zangu za kuskani. Kwa kocha niliyemleta mimi, ambaye walikuwa wananiambia nimfukuze. Kwenye gari la wazi la kombe nikamuona yule mtu wa mtu wa getini amelishika kombe sikio moja, anapunga. Nilizima televisheni nikaenda kuosha gari saa tatu usiku.

Watu wakinihoji huwa najifariji na Adam Crozier, Mskoti aliyechukuliwa kutoka kwenye uongozi wa kampuni ya matangazo ya Saatchi & Saatchi akapewa kuendesha chama cha soka cha England mwanzoni mwa 2000. Alikihamisha chama kutoka ofisi zake za zamani, akamleta Sven-Göran Eriksson, kocha wa kwanza wa kigeni kwa timu ile, akaleta pesa. Mwishoni mwa 2002 akawa nje, amegombana na wenyeviti wa klabu za Ligi Kuu. Baadaye akaenda kuongoza posta ya Uingereza, kisha ITV. Mimi na yeye kujilinganisha ni utani, najua, lakini mtu ukitolewa kwa dakika saba unatafuta ndugu popote.

Na kuna waliofika mbali wakabaki. Patrice Motsepe ni tajiri wa migodi, leo ni rais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, alipita bila mpinzani pale Rabat Machi 2021. Watu wanaona pesa tu. Hawaoni kwamba kabla ya hapo alikaa na klabu yake ya Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini zaidi ya miaka 15, na ubingwa wa Afrika aliupata 2016, maana yake kuna misimu mingi sana hapo katikati alilala timu yake imefungwa. Sisi tunataka tuingie Jumatatu tuitwe mheshimiwa rais Ijumaa. Vijana wa siku hizi, na mimi nikiwemo wakati ule, tunapenda kiti, hatutaki benchi. Hamtaki kuanza na kamati ya timu ya mtaa, hamtaki kusafiri na basi kwa saa kumi na mbili na timu iliyofungwa ambapo hakuna anayeongea na kila mtu anajifanya amelala. Kaeni kwenye hilo basi. Mimi nilikuwa napanda ndege, natangulia, eti nina vikao.

Basi nikubali au nisikubali, ndilo swali. Nilikuwa nimeandika hapa aya nzima ya kumwambia asubiri, aombe kwanza aone mahesabu ya miaka mitatu, aulize mishahara imelipwa mpaka mwezi gani na amuulize mchezaji sio mweka hazina, aulize nani alikuwa CEO kabla yake na kwa nini aliondoka, na ampigie huyo aliyeondoka. Aende stoo. Mzee wa vifaa ana daftari, kila klabu ina mtu wa namna hiyo, na asipoonyeshwa daftari siku ya kwanza asilazimishe, arudi siku ya pili. Siku yangu ya mwisho yule mzee alilifungua lile daftari akatafuta jina langu, koti la mvua moja, saizi kubwa. Akasema rudisha au lipa. Nikalivua pale pale, nikamwachia, akapiga mstari, ndipo akanipa mkono.

Sasa wakati namalizia hii posti meseji nyingine ikaingia kutoka kwa mdogo wangu huyu. Kaka samahani nilikosa subira, nimesaini jana, kikao na kamati ni Jumanne, vipi zile slaidi zako bado unazo?

Ninazo. Nimemtumia zote 41.